Sauti si Sukari: Gitaa Jipya na Uvivu wa Washairi

Leo nimekuja na lawama, na sitaizungushia maneno. Nadai kwamba ushairi wetu wa siku hizi umekuwa kiziwi. Tunajua kusawiri uso wa mpenzi, mawimbi ya bahari, ukame wa shamba na dhuluma ya mwenye nguvu. Lakini sauti ikitufikia sikioni, hazina yetu yote ya maneno hukauka, likabaki neno moja tu: tamu. Sauti ya mwimbaji ni tamu, ya udi ni tamu, ya gitaa ni tamu, ya ndege alfajiri nayo ni tamu. Neno hilo ni la ulimi, si la sikio. Tumeliazima kutoka jikoni na hatujalirudisha.

Kilichonichokoza ni kitu kidogo. Baada ya miaka mingi ya kufundisha sekondari na katika chuo cha ualimu, nimejinunulia gitaa la umeme, jipya, la kwangu mwenyewe. Nilipolitaja mbele ya watunzi fulani, nilipata majibu matatu. Wa kwanza alicheka umri wangu, na huyo nimemsamehe kwa kuwa vidole havina cheti cha kuzaliwa. Wa pili alisema gitaa ni kitu cha kigeni, halimhusu mshairi wa Kiswahili. Wa tatu, msomi kuliko wote, alitamka kwa upole kwamba chombo kama hicho hakielezeki kwa Kiswahili: anayetaka kueleza umbo lake na sauti yake hana budi kuhamia Kiingereza, kisha arudi akimaliza. Hao wawili ndio ninaowajibu.

Naanza na hoja ya ugeni. Anayelikataa gitaa kwa sababu ya asili yake, na alikatae udi pia, kwa maana hata jina la udi ni Kiarabu na maana yake ni ubao. Aikatae na kanuni. Aifunge taarabu yote sandukuni. Hakuna mshairi wa pwani aliyewahi kuona aibu kutunga maneno ya kuimbwa juu ya nyuzi hizo, na tungo zikaitwa za Kiswahili bila kuulizwa hati ya kusafiria. Gitaa nalo limekwisha kukaa nasi muda wa kutosha kupewa uraia. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Katanga, akicharaza kwa vidole viwili vitatu na kuimba kwa Kiswahili cha huko. Morogoro ilimtoa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, kisha ikamtoa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, naye ameacha mkono ambao mpiga solo wa leo bado anaufuata. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964. Hesabuni wenyewe: kwa zaidi ya miaka 70 gitaa limekuwa likizungumza Kiswahili. Sisi watunzi ndio hatukujibu.

Wala si kweli kwamba jambo hili liko nje ya ua wetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za utunzi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika lina kasoro. Wengi wetu tunamnukuu katika kubishana kuhusu vina na mizani. Basi tumfuate hadi mwisho. Kama shairi ni wimbo, mshairi ni mtu wa sauti kabla ya kuwa mtu wa karatasi. Mtu wa sauti asiye na maneno ya sauti ni kama mvuvi asiyejua majina ya samaki.

Sasa nije kwa msomi wangu. Kasema haielezeki. Mimi naeleza.

Gitaa langu ni la umbo ambalo Leo Fender wa California alilitoa mwaka 1950, nalo kuanzia mwaka uliofuata likajulikana kwa jina la Telecaster. Mwili wake si sanduku lenye uwazi kama gitaa la kawaida. Ni ubao mzima, wenye unene wa milimita 45 hivi, uliokatwa kwa msumeno, ukapigwa randa na msasa, ukapakwa vanishi ya rangi ya asali. Upande mmoja umechongwa pembe ili mkono upate njia ya kufikia sauti za juu. Shingo ni ya mti mwingine, mgumu na mweupe, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Imeshikishwa mwilini kwa skrubu nne tu, bila gundi, hivyo yaweza kufunguliwa kama mguu wa meza. Ndani ya shingo imelazwa nondo ya chuma. Nimeiita nondo kwa makusudi, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya nondo katika zege: kuzuia ubao usipinde kwa mvuto wa nyuzi sita zilizokazwa.

Juu ya shingo umebandikwa ubao mwembamba wa rangi ya kahawia iliyoiva, wa mti ulio wa ukoo mmoja na mpingo wetu. Katika ubao huo vimepigiliwa vijiti 22 vya chuma, vimekingama kama vifundo vya muwa. Wapigaji wetu huviita freti, nami sina ugomvi nao. Lakini atazameni muwa mtu aliyewahi kuumenya: ana fundo, na kati ya fundo na fundo ana pingili. Shingo ya gitaa ni muwa. Kidole hukaa kwenye pingili, uzi hukatwa na fundo. Na pingili hizo hazilingani. Uzi wangu, toka kizingiti kilicho karibu na kichwa hadi daraja lililo mwilini, una urefu wa milimita 648. Pingili ya kwanza ina milimita 36 hivi. Ya kumi na mbili ina 19 tu, na fundo lake limeangukia nusu kamili ya uzi, milimita 324, pale ambapo sauti ileile hurudi ikiwa juu zaidi. Sisi tunaojivunia mizani tukitazame kipimo hiki kwa adabu. Mizani ikizidi moja katika mshororo, msomaji mpole hupita bila kusema. Fundo likisogea milimita moja, sikio la kila mtu hulalamika.

Kichwani mna vigingi sita, vyote vimejipanga upande mmoja, vya kukazia na kulegezea nyuzi. Nyuzi zenyewe ni za chuma cha pua. Tatu nene zimezungushiwa waya mwingine mwembamba ili ziwe nzito. Zinaingilia mgongoni mwa gitaa, zinapenya ubao, zinatokea kwenye daraja. Uzi mnene kuliko wote hutetema mara 82 kwa sekunde. Mwembamba kuliko wote hutetema mara 330 hivi, yaani mara nne ya ule wa kwanza.

Na umeme uko wapi? Uko chini ya nyuzi. Mna vitu viwili ambavyo Waingereza wamevipa jina ambalo kwetu tayari ni la gari la mizigo: pikapu. Ukisema Dodoma kwamba pikapu yako imeharibika, utaletewa fundi makenika. Ndiyo maana napendekeza tuviite vinasa. Kila kinasa ni sumaku sita, moja chini ya kila uzi, zikiwa zimezungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma unapotetema juu ya sumaku, huutikisa usumaku, na usumaku unaotikisika huzaa mkondo wa umeme katika waya. Ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Mkondo huo hupitia waya zilizolehemiwa, ukatoka kwa tundu la ubavuni, ukaenda kwenye kikuza sauti, ambacho wanabendi hukiita amplifaya. Kumbe kinasa hakisikii sauti kama kipaza sauti cha mhubiri. Ufunge uzi wa nailoni, nacho kitanyamaza. Kinanasa mtetemo wa chuma peke yake.

Hesabuni maneno niliyotumia: msumeno, randa, msasa, vanishi, skrubu, gundi, nondo, zege, kizingiti, daraja, kigingi, fundo, pingili, sumaku, shaba, mkondo, kulehemu. Ni lipi nililolitunga usiku? Yote nimeyakuta kwa seremala, kwa mwashi, kwa fundi umeme, shambani kwa muwa na katika vitabu vya sayansi vya shule ya msingi. Neno moja tu, kinasa, ndilo nililolipa kazi mpya, nalo lilikuwa tayari linanasa sauti kwenye kanda. Msomi wangu hakukosa Kiswahili. Alikosa kwenda karakana.

Atasema: sawa, umbo umelieleza, kwa kuwa umbo ni mbao na waya. Sauti je?

Sauti nayo hii hapa. Gitaa langu lina swichi ya hatua tatu. Ukiisukuma nyuma, kinasa kilicho karibu na daraja ndicho kinachosema. Hapo uzi hauna nafasi ya kuyumba sana, kwa hiyo ule mvumo wake mzito hupungua na mitetemo midogomidogo ya juu ndiyo inayotawala. Sauti hutoka kavu, kali, yenye kucha. Inadonoa. Ukiipiga kwa nguvu inaparuza kama kijiko kwenye sufuria. Ukiipiga kwa upole inametameta na kukatika mapema, haiachi mkia. Ni sauti ya mtu anayesemea puani na mwenye hakika ya anachosema.

Isukume swichi mbele. Sasa kinasa cha karibu na shingo kinasikiliza mahali uzi unapoyumba kwa upana. Sauti hushuka kifuani. Inakuwa nene na ya mviringo, makali yamefutwa, inakawia hewani kabla ya kuzima. Haidonoi tena, inabembeleza. Swichi ikiwa katikati, vinasa vyote viwili husema pamoja, na ajabu ni kwamba sauti haiwi nene zaidi. Inakuwa na uwazi ndani yake, kama mtungi uliogongwa ukiwa na maji nusu. Kipo pia kitufe cha kuzungusha kinachozipunguza sauti za juu: kigeuze hadi mwisho, na gitaa litasema kama mtu aliyejifunika blanketi.

Kisha ongeza nguvu ya kikuza sauti kupita uwezo wake. Vilele vya mawimbi hukatwa, na sauti hupata mkwaruzo: hukoroma, huunguruma, huzomea. Watu wengi wa rika langu huuita ukorofi huo kelele za Wazungu. Hapo ndipo mimi, mkazi wa nyanda hizi za kati, ninapowaomba wakae chini.

Ilimba ya Wagogo, ile marimba kubwa ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, haikuumbwa ili itoe sauti safi. Mafundi wake huweka tundu kwenye ubao na kulifunika kwa utando wa buibui, kusudi kila mlio ufuatwe na mvumo kama wa nyuki. Bila mvumo huo ilimba ni tupu. Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliubeba mvumo huo hadi kumbi za Ulaya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatoa albamu pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Hakuna aliyehitaji kumfundisha Zawose maana ya mkwaruzo. Babu zake walikwisha kuutafuta kwa utando wa buibui kabla haujatafutwa kwa umeme. Basi, sauti ninayoipata nikilizidishia gitaa nguvu si ngeni Ugogoni. Iliyo ngeni ni aibu yetu ya kuipa jina.

Na kwa nini tunaona aibu? Nadhani kwa sababu tumejenga ushairi juu ya nomino na kusahau kwamba nguvu ya lugha hii iko katika vitenzi. Ngoma hurindima, radi hunguruma, upepo huvuma, njuga hulialia, mlango hukwaruza, moto hutatarika. Kila kitenzi hapo ni sikio lililofunguka. Tuna na tanakali za sauti, ambazo nilizifundisha miaka yote na ambazo wanafunzi walizipenda kuliko kipengele kingine chochote, mpaka walipoanza kuandika mashairi na kuambiwa kwamba ni za watoto. Tukawanyang'anya masikio, tukawapa tamu.

Kuna watakaosema kazi ya maneno ni ya Baraza. BAKITA lipo tangu 1967 na lina wajibu wake, wala silisemi kwa ubaya. Lakini Baraza husanifu neno. Halimfundishi mtu kusikia. Orodha ya istilahi inaweza kunipa jina la kinasa. Haiwezi kunipa tofauti kati ya sauti inayodonoa na sauti inayobembeleza. Hiyo ni kazi ya mtunzi, na mtunzi ameikimbia.

Wengine watasema natafuta kufukuza maneno ya mkopo. La. Solo, rithimu na besi zimekaa jukwaani kwetu kwa miongo mingi, zimeota mizizi, na atakayejaribu kuzing'oa atavunja jembe. Wanamuziki wetu wa dansi hawakuwa mateka wa Kiingereza hata kidogo. Walipotafuta jina la mtindo wa Mlimani Park walilichukua Uzaramoni, kwenye ngoma: Sikinde. NUTA ya zamani leo ni Msondo, na msondo ni ngoma pia. Wao, ambao wengi wao hawakukanyaga chuo, waliifanya kazi ya lugha vizuri kuliko sisi wenye diwani rafuni.

Na wapo watakaouliza, kwa ukweli kabisa: hasara yake ni nini? Gitaa litalia tu, kwa lugha yoyote. Nawajibu kwa mpingo. Mti huu mweusi, mzito, hukua katika misitu yetu ya Lindi na Kilwa, na Ulaya hutengenezewa klarineti na ala nyingine za kupulizwa. Tunauza gogo, tunanunua zumari. Hasara hiyo kila mtu anaiona, kwa kuwa inahesabika kwa fedha. Lakini ipo ya pili. Kijana wa hapa Dodoma mwenye mkono wa useremala na sikio la muziki anaweza kabisa kutengeneza gitaa. Nilipompelekea fundi mmoja wa mjini hapa gitaa langu, shingo ikiwa imeanza kucheza kwa ukavu wa kiangazi chetu, aliitazama kwa jicho moja kutoka kichwani hadi darajani na kusema imebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Hakuwahi kulishika gitaa la umeme maishani mwake. Katika sentensi moja alikuwa amelijua gonjwa na dawa yake. Sasa mwambieni huyo kwamba elimu ya chombo hiki imo katika lugha asiyoisoma. Mtakuwa mmemfungia mlango aliokwisha kuufungua kwa kinywa chake. Lugha isiyoeleza kitu kilicho mkononi hukikabidhi kitu hicho kwa lugha nyingine, na pamoja nacho ufundi, kipato na fahari.

Wenyeji wa nyanda hizi hatuna udhuru. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, hapa hapa Dodoma, mbali na bahari na mbali na Kiswahili cha mama. Aliandika historia na desturi za Wagogo, akaongoza UKUTA, akatupa ngonjera, bahari ambayo haikuwapo kabla yake na ambayo ilifika katika kila shule ya nchi hii. Mgogo aliyejifunza Kiswahili aliuongeza ushairi wa Kiswahili chumba kizima. Sisi tuliozaliwa tukikisema tunashindwa kuongeza kitenzi kimoja cha sauti?

Kwa hiyo nawawekea shindano, na lawama yangu naifunga kwa ubeti wangu mwenyewe:

Usiniambie tamu, sukari ninaijua,
Sema yaunguza humu, au kama yapungua,
Pumzi yake ni ngumu, au laini yatua,
Mshairi ni mwalimu, sikio kulifungua.

Chagueni sauti moja: gitaa, zeze, cherehani, mashine ya kusaga, mvua ya kwanza juu ya bati. Ielezeni kwa beti tatu, vina na mizani vikiwa sawa, hata ambaye hajawahi kuisikia aitambue siku atakapoisikia. Masharti ni mawili tu. Neno tamu limepigwa marufuku. Na neno nzuri lisithubutu kuingia kwa mlango wa nyuma.